Nati Nne za Pampu ya Maji

Mahabibo, Mahajanga
Jumapili, 3 Desemba 1950

Madame, mwalimu wetu, ametuagiza tuandike shajara ya msimu wa mvua kwa Kifaransa safi, nusu ukurasa kila Jumapili. Hiyo nimeshaianza, na ina mawingu ya kutosha. Hii ni ya pili na Madame hataiona. Naiandika kwa Kiswahili kwa sababu marehemu babu yangu, aliyekuwa akiandikiana barua na wafanyabiashara wa Unguja, alinifundisha. Pia kwa sababu nyumbani tunasema Kikomoro, sokoni Kimalagasi na shuleni Kifaransa, kwa hiyo daftari hili naweza kuliacha wazi mezani na hakuna atakayejisumbua nalo.

Nitaandika kuhusu lori.

Liko katika ua wetu tangu Julai. Waingereza walilileta wakati wa vita, waliposhuka bandarini hapa mwaka wa 1942, na walipoondoka wakalisahau nyuma ya ghala. Kampuni ya mpunga aliyokuwa akiiendeshea Baba ilipofunga milango, Baba akalinunua. Lori linawaka. Linatembea pia. Lakini baada ya nusu saa maji yote huwa yameshamwagika kupitia pampu, na injini inachemka kama sufuria ya wali. Pampu imefungwa kwa nati nne. Zikifunguka, Baba anajua la kufanya, na gasketi mpya ya kuzuia maji yasivuje ameshaikata kwa mkono wake. Hazifunguki, kwa sababu hana spana inayozitosha.

Tarehe 19 Aprili mkaguzi wa serikali atakagua magari ya abiria ya barabara ya Marovoay. Lori likipita, Baba atabeba watu na magunia na kurudi nyumbani kila siku. Lisipopita, atapanda meli itakayoondoka tarehe 21 kwenda Ulaya, akafanye kazi ya kutia makaa kwa miaka miwili. Kitabu chake cha baharia kiko tayari.

Mimi nina miaka kumi na tatu. Nimepiga hesabu. Baba akirudi nitakuwa na kumi na tano, na nyanya yangu, ambaye sisi tunamwita Koko, atakuwa ameshanitoa shule na kunitafutia mchumba. Ni Baba peke yake anayemwambia, "Mwache asome, Mama." Husema kwa sauti ndogo, lakini husema.

Jumanne, 5 Desemba

Mvua. Kuku wa Koko ametaga kwenye kiti cha dereva.

Jumapili, 10 Desemba

Leo amekuja Hamidou, fundi baiskeli wa pembeni mwa soko, na spana zake zote ndani ya kikapu. Baba alikuwa chini ya lori, Hamidou amechuchumaa, mimi nawapa vifaa.

"Kumi na nne haiingii," alisema Baba kutoka chini.

"Jaribu kumi na sita, kaka."

"Kumi na sita inacheza ngoma."

"Basi kumi na tano."

"Kumi na tano iko wapi?"

Hamidou akapekua kikapu mpaka chini. "Haipo. Wafaransa hawakuitengeneza. Labda siku ile walichoka."

Ndipo Koko akatoka jikoni. Hapa lazima nieleze. Kwetu nyumba ni ya wanawake. Hii ni ya Koko, itakuwa ya Mama, kisha yangu. Baba aliingia humu kama mume miaka kumi na mitano iliyopita, na mpaka leo Koko akipita yeye husimama na kumsalimu kama mgeni wa siku ya kwanza. Mkwe hawezi kumsalimu mama mkwe akiwa amelala chali. Basi Baba akajaribu kusimama. Lori halikumruhusu.

"Nani anagonga?" akauliza Koko.

"Ni mimi, Mama," akajibu Baba, mkono kichwani. "Umeamkaje?"

"Salama. Usilivunje lori, mkwe wangu. Kuku wangu wamelizoea."

Alhamisi, 14 Desemba

Alhamisi huwa hakuna shule. Hamidou amerudi na spana yake ya mdomo wa kupanuka, ambayo anasema inafungua kila kitu duniani. Ni nene mno. Haipiti nyuma ya feni. Baba aligonga kichwa mara mbili, maana Koko alikwenda kisimani na akarudi.

Ijumaa, 22 Desemba

Maulidi. Ukumbini watu walisoma vizuri sana. Wakati wa dua niliomba spana, kisha nikaona haya, nikaongeza afya kwa Waislamu wote.

Alhamisi, 4 Januari 1951

Nimekwenda na Baba mjini, kwenye gereji kubwa. Mwenye gereji ni Mfaransa mwembamba anayefuta mikono hata ikiwa safi. Baba alimwonyesha karatasi aliyokuwa ameibandika juu ya nati na kuisugua kwa kidole chenye grisi, mpaka alama ya pembe sita ikatokea. Mimi nilitafsiri.

Mwenye gereji aliicheka ile karatasi. "Hii ni ya Kiingereza! Hawa watu hupima kwa inchi. Mimi natumia milimita, kama binadamu."

"Muulize kama Waingereza hawakuacha spana hata moja," alisema Baba.

Nikauliza.

"Waliondoka na spana, wakaacha malori," alijibu. "Unaona jinsi walivyo na akili?"

Njiani Baba aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni. Tulipofika karibu na nyumbani aliniuliza kama najua inchi ni kitu gani. Nikasema naweza kujua kesho.

Jumapili, 7 Januari

Nimejua. Madame alinipa kamusi kubwa niisome wakati wa mapumziko. Inchi moja ni milimita ishirini na tano na nukta nne, na Waingereza huikata kwa nusu, robo, thumni, na kadhalika, kama mkate.

Nati yetu nimeipima kwa rula yangu ya shule, upande mmoja wa bapa hadi upande wa pili. Ni milimita kumi na tano na kidogo. Nikafanya hesabu: sehemu tisa kwa kumi na sita za inchi ni kumi na nne na kidogo, haitoshi. Sehemu tano kwa nane ni kumi na tano na kidogo. Nikarudia mara tatu, nikaikagua kwa njia ya kinyume, nikapiga mistari miwili chini ya jibu kama tulivyofundishwa. Tano kwa nane. Sijawahi kuwa na uhakika namna hii katika jambo lolote.

Wakati wa chakula nilitangaza. Mama akaweka kijiko chini.

"Mashine za kiwanda cha sukari kule kisiwani Nosy Be si za Kiingereza?" alisema polepole. "Kaka yangu Ibouroi ana miaka ishirini anazifungua na kuzifunga..."

"Samaki ana chumvi kidogo," alisema Baba.

"Nasema kaka yangu..."

"Mvua inakuja. Nikafunike injini."

Akatoka. Nje jua lilikuwa kali kabisa. Mama akatazama sahani yake na Koko akatazama dari. Nikaona hawa watu hawapendi kurahisisha maisha. Nimeandika barua mwenyewe:

"Kwa Mjomba Ibouroi mpendwa, baada ya salamu. Mimi mpwa wako Kouraichia naomba unisaidie spana moja ya Kiingereza, namba tano kwa nane. Sisi sote ni wazima. Nakuomba sana."

Sikutaja lori. Niliona si adabu kujaza barua maneno mengi.

Jumamosi, 20 Januari

Upepo na mvua siku tatu mfululizo. Paa la jirani limekwenda mtaa wa Tanambao na limerudishwa kwa mkokoteni. Lori halikutikisika. Waingereza wanajua kutengeneza vitu vizito.

Jumapili, 28 Januari

Baba ameamua kutengeneza spana yake. Alichukua kumi na nne akaipanua mdomo kwa tupa, siku nne, jioni baada ya jioni. Sauti ya ile tupa kila mtu wa mtaani anaijua sasa. Leo aliivika kwenye nati, ikaingia taratibu, nikafumba macho. Baba alivuta. Mdomo wa spana ukafunguka kama wa samaki, nati haikusogea.

"Umeichonga ikawa nyembamba," alisema Hamidou.

"Nimeona."

"Nyembamba mno, kaka."

"Hamidou, nimeona."

Alhamisi, 8 Februari

Kifurushi kutoka Nosy Be! Nilikibeba kutoka posta, na nilishangaa kwamba kilinichosha. Nilimwita Baba, nikamwita Hamidou aliyekuwa anapita, nikamwambia Mama aache kufua. Nilitaka wote waone. Nilikifungua mwenyewe mbele yao juu ya mkeka.

Ilikuwa spana ndefu kama mkono wangu, kuanzia kiwiko mpaka ncha za vidole, na mdomo unaoweza kumeza yai la njiwa. Ubavuni, kwa herufi safi za chuma: 5/8.

Baba aliiinua, akaiweka juu ya nati yetu. Nati ilipotea ndani.

"Labda nati itakua," alisema Hamidou.

Mama alimwambia aende nyumbani kwake.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikafanya hesabu upya. Ni sahihi. Nikapima mdomo wa ile spana kwa rula: milimita ishirini na nane. Lakini imeandikwa tano kwa nane! Ama inchi ya kamusi si inchi ya Nosy Be, ama Mjomba amenifanyia mzaha. Ndani ya kifurushi hapakuwa na barua wala salamu. Sasa naelewa kwa nini Baba hataki kumtaja. Ni mtu mgumu na hana huruma.

Jumatatu, 12 Februari

Koko anavunja magamba ya kaa kwa spana yangu. Anasema ni kifaa bora kilichowahi kuingia katika nyumba hii.

Alhamisi, 22 Februari

Hii ni siku mbaya na lazima niiandike yote.

Hamidou alimshawishi Baba kwamba kilichobaki ni nguvu. Kwanza walichukua ile kumi na sita, wakajaza nafasi kwa kipande cha bati la kopo la dagaa. Kilikaa vizuri. Baba akavuta, bati likachomoka, spana ikateleza, na pembe mbili za nati ya nne, ile ya chini kulia, zikalika. Nati yenye pembe sita sasa ina pembe nne na aibu.

"Patasi," alisema Hamidou. "Unaipiga ubavuni, inazunguka yenyewe. Baiskeli zote nazifanya hivyo."

"Ndiyo maana baiskeli zote zinarudi kwako," alisema Mama kutoka mlangoni.

Lakini Baba alikuwa ameshachoka kusubiri. Aliishika patasi, Hamidou akainua nyundo. Pigo la kwanza halikufanya kitu. La pili lilitoa mlio mwingine, mkali, kama sahani. Baba akasema, "Basi! Basi!" Akaingiza kidole akapapasa ganda la pampu. Haikupasuka. Ilibaki kidogo tu.

Wakati huohuo Koko akapita na beseni lake, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe Baba hakusimama. Alibaki amelala chini, macho yamefumbwa. Koko alisimama palepale. Nilidhani atakasirika.

"Mwambie mkwe wangu," aliniambia, ingawa Baba alikuwa hatua mbili kutoka kwake, "kwamba likizo ya Pasaka nakwenda Nosy Be kumwona mwanangu, na wewe utanibebea mizigo."

Baadaye nilimwona Baba akifungua kile kitabu cha baharia na kutazama picha yake mwenyewe. Akaniuliza kama Kifaransa cha Ulaya ni kilekile tunachosoma. Nikasema ndiyo. Akasema vizuri.

Ijumaa, 2 Machi

Mvua. Mama amemfumia Baba fulana ya sufu, ya kuvaa Ulaya. Hapa ni joto kiasi kwamba kuitazama tu kunanitoa jasho.

Hell-Ville, Nosy Be
Jumanne, 20 Machi

Tumefika kwa meli ndogo ya pwani baada ya siku mbili. Koko hakutapika hata mara moja, na alihakikisha kila abiria anajua. Mimi nilitapika.

Mjomba Ibouroi alitupokea gatini. Nilijiandaa kukutana na mtu mkali. Ni mfupi, mnene, mpole, ana miwani iliyofungwa kwa waya, na alilia alipomwona mama yake. Alinibusu mikono yote miwili akasema nimekuwa mtu mzima. Sikujua nifanye nini na hasira yangu, kwa hiyo niliiweka.

Alhamisi, 22 Machi

Nimekuwa nikiogopa kuuliza kwa siku mbili. Leo Mjomba alinichukua kiwandani anionyeshe mtambo wa kusaga miwa, na pale, mbele ya gurudumu refu kuliko nyumba yetu, nikaona nati karibu mara mbili ya yetu. Juu yake, ukutani, palikuwa na nafasi tupu kati ya spana zilizopangwa.

"Yako ilikaa hapo," alisema. "Tangu Februari kazi yake tunaifanya kwa mnyororo. Inatosha?"

"Mjomba," nikasema, "inatosha kuvunjia kaa."

Akanitazama. Nikaona sasa hakuna njia, nikamweleza yote: lori, pampu, nati nne, rula yangu, mkaguzi, meli. Nilipofika kwenye hesabu nilimwandikia vumbini kwa kidole ili aone sikukosea. Aliifuata mstari kwa mstari, akitingisha kichwa kwa heshima.

"Hesabu ni safi," alisema. "Sikiliza, mpwa wangu. Ungekuwa Mwingereza, ungeitaje spana?"

"Kwa upana wa nati inayoshikwa nayo."

"Hivyo ndivyo afanyavyo mtu mwenye akili. Mwingereza huyu hapimi nati. Anapima unene wa bolti inayopita ndani ya nati, kisha anaipa spana namba hiyo. Ni kama kununua kofia kwa kupima shingo."

Alitoa boksi la bati, akafunua kitambaa chenye mafuta. Zilikuwa spana nane, kutoka ndogo mpaka kubwa, kila moja imelala mahali pake. Akachukua moja akaniwekea kiganjani. Ubavuni: 5/16. Nikapima mdomo kwa rula niliyokuwa nayo mfukoni. Milimita kumi na tano na kidogo.

Tano kwa kumi na sita! Nilikuwa nimekosea mara mbili kamili. Ilinifariji kidogo kwamba nilikosea kwa kiasi kinachogawanyika vizuri.

"Lakini kwa nini ulinitumia lile jitu, Mjomba? Bila hata neno?"

Akavua miwani. "Uliniandikia tano kwa nane. Nikasema, spana hiyo haina kazi kwenye gari. Ni ya mtambo, au ya meli. Nikasema, baba yako, shemeji Assoumani, amenunua meli, na hataki kuniambia."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Lori amelinunua Julai," alisema. "Mama ameniandikia, kila mtu ameniandikia. Anajua mimi nina hivi vifaa. Nimesubiri barua yake mwezi baada ya mwezi. Mistari miwili tu: shemeji, nisaidie. Haikuja. Anaona mikono yangu michafu?"

Hapo ndipo nilipomwelewa Baba, hapohapo, nikiwa nimesimama mbele ya mtambo wa miwa. "Hapana, Mjomba," nikasema. "Anaishi katika nyumba ya mama yako. Anakula kwenye sahani za dada yako. Koko akipita anasimama hata akiwa chini ya lori, ana nundu tatu kichwani. Nafikiri aliona haya kuomba na spana pia."

Mjomba alivaa tena miwani yake. Kisha akauliza, "Nundu tatu?"

"Moja imepona."

Nyumbani alimsimulia Koko yote. Koko alikuwa anachambua mchele.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini, Mama?"

"Kwamba wewe unazo na yeye anazihitaji."

"Tangu lini?"

"Tangu Julai."

"Na hukusema?"

"Kuna aliyeniuliza?" akasema Koko.

Jumapili, 25 Machi

Mjomba amenipa boksi zima. Alisema mpwa akiomba, mjomba hawezi kukataa. Lakini alisema vingine pia, na alinirudisha ndani mara mbili ili nirudie maneno yake: hizi si za Assoumani. Ni zangu mimi. Zitakaa katika nyumba ya Koko pamoja na sufuria na mikeka, mali ya wanawake wa nyumba. Shemeji akizitaka, aziombe.

"Kwa mdomo wake," alisema Mjomba. Naona bado ana kinyongo kidogo, lakini sasa ni cha kufurahisha.

Mahajanga
Jumamosi, 31 Machi

Nilimwonyesha Baba boksi, nikamweleza sharti. Alikaa chini kwenye ngazi. Alizitazama zile spana kama mtu anayetazama watoto wa mwenzake waliovaa vizuri. Koko alikuwa amesimama nyuma yangu kama askari.

Baba alikohoa.

"Binti yangu," alisema. "Naomba kuazima... hiyo."

"Ipi, Baba?"

"Unajua ipi."

"Ataje jina," alisema Koko.

"Tano kwa kumi na sita," alisema Baba.

Nikampa. Nati ya kwanza ilifunguka kabla Hamidou hajamaliza kuvuka barabara aje kutazama. Ya pili pia. Ya tatu ililia kidogo. Ya nne, ile ya pembe nne na aibu, ilikataa. Spana inaishika pembe mbili tu, kisha inateleza.

Siku kumi na tisa zimebaki.

Alhamisi, 5 Aprili

Nati ya nne: hapana. Mjomba ameandika kwamba tuinyweshe mafuta ya taa asubuhi, mchana na jioni, na tusiiguse kwa siku kumi. Kazi hiyo nimepewa mimi. Hamidou amekatazwa kuingia uani na nyundo.

Jumapili, 8 Aprili

Baba anamwandikia Mjomba. Yaani anatamka na mimi naandika. Salamu zimechukua ukurasa mmoja na nusu. Amemuulizia kila mtu wa Nosy Be, wakiwemo wawili waliokufa. Ukurasa wa pili ni hali ya mvua. Mwanzoni mwa wa tatu alisimama, akatembea mpaka kisimani, akarudi, akasema haraka: "Andika: shemeji, nimekosa kwa kutokukuomba. Ahsante." Kisha akarudi kwenye mvua kwa ukurasa mwingine.

Jumanne, 10 Aprili

Mafuta ya taa. Naota harufu yake.

Jumamosi, 14 Aprili

Siku kumi zilikwisha leo. Sikulala vizuri, na asubuhi nilimkuta Baba ameshavaa nguo za kazi, amekaa kando ya lori, mikono mitupu. Hakuwa amegusa boksi. Alikuwa ananisubiri niamke ili aombe.

Nikampa. Aliivika spana kwenye zile pembe mbili za kushikika, akaweka viganja vyote viwili, hakuvuta kwa nguvu. Aliegemea tu, kama mtu anayesukuma mlango wa chumba alimolala mtoto. Mama alikuwa amekaza mdomo. Hata Hamidou, aliyeruhusiwa kutazama kupitia juu ya ukuta, hakutoa shauri.

Tukasikia mlio mdogo. Nikadhani imeteleza.

"Imezunguka," alisema Baba. Akasema tena, sasa kwa Koko: "Mama, imezunguka!" Alikuwa amelala chali na wala hakukumbuka kusimama.

"Basi malizia," alisema Koko, "kabla haijabadili nia."

Jumatatu, 16 Aprili

Pampu imerudi mahali pake na gasketi mpya. Nati ya nne ni mpya, Hamidou aliipata mtaa wa Ampisikina kwenye kitanda cha chuma cha watu na hatujauliza zaidi. Tumewasha injini saa nzima. Chini ya lori pakavu. Koko amehamisha kuku, kwa malalamiko ya pande zote mbili.

Alhamisi, 19 Aprili

Mkaguzi ni mtu mzito mwenye daftari jembamba. Alikagua taa, breki, magurudumu. Alisubiri injini ichemke, haikuchemka. Nilikuwa nimesimama kando kama mtafsiri, nimekumbatia boksi la spana.

"Vifaa?" alisema. "Kanuni inataka gari la abiria libebe vifaa vyake."

Baba alinigeukia. Nilijua sheria ya serikali, na nilijua sheria ya Koko, na hazikuwa zimewahi kukutana.

"Kouraichia," alisema Baba mbele ya watu wote, madereva na abiria na Wafaransa, "naomba kuazima boksi lako."

Nilimpa. Mkaguzi akalifungua, akainua spana moja, akasoma ubavu wake, akakunja uso.

"Hizi ni za nani?"

"Za binti yangu," alisema Baba kwa Kifaransa, bila mimi.

"Na anajua kuzitumia?"

Nilimweleza kuhusu nati na bolti, na kwamba namba haisemi upana wa mdomo bali unene wa kinachopita ndani. Nilitumia ule mfano wa kofia na shingo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaandika kitu, akapiga muhuri. Kisha akaniuliza polepole nirudie ile ya shingo, kwa sababu na yeye ana pikipiki ya Waingereza nyumbani kwake.

Lori limepita.

Ijumaa, 20 Aprili

Safari ya kwanza ya Marovoay ni Jumapili. Koko amesema vifaa vya nyumba haviondoki bila mwenyewe, kwa hiyo Jumapili na siku zote za likizo nitakaa mbele, boksi magotini. Baba alisema, "Na siku za shule, Mama, ataniazima." Hakusema kwa sauti ndogo. Koko alifikiri, akasema siku za shule ni sawa.

Jumamosi, 21 Aprili

Asubuhi safi, bila wingu, sina la kumwandikia Madame. Nimekaa kwenye ngazi ya lori. Baba yuko chini anakaza breki kwa ajili ya kesho. Saa nne honi ililia kutoka bandarini, ndefu, mara tatu, mpaka vyombo vikatetemeka jikoni. Baba akachomoza kichwa.

"Kouraichia, honi yetu imejiwasha yenyewe?"

"Hapana, Baba. Ni ya meli. Inaondoka."

"Ah," alisema. "Nilidhani ni waya." Akarudi chini.